Nanga za kuyeyuka kwa bega linalotoka mara kwa mara: ngapi, za aina gani, na zihifadhiwe vipi kwa joto letu hili?

DadaThieta_Kizingo

Assalamu alaikum wakuu. Natayarisha vifaa vya thieta kwa kurekebisha bega linalotoka mara kwa mara, na kabla sijathibitisha oda naomba maoni ya wanaoijua kazi hii.

Mgonjwa ana miaka 19, anacheza raga ya ligi. Bega ni la kulia, na ndio mkono anaoutegemea. Limetoka kwa mbele mara 4, ya kwanza kwenye mechi, ya mwisho akivua fulana tu. Hana kifafa, na viungo vyake vingine si legevu. Eksirei ya mbele, mkono ukiwa umegeuzwa nje, inaonyesha shimo la Hill-Sachs nyuma ya kichwa cha mfupa wa mkono. MRI iliyotiwa dawa ndani ya kiungo inaonyesha labramu (ukingo laini unaozunguka kisahani cha bega) imebanduka kutoka namba 3 hadi namba 6 (nasoma uso wa saa: 12 juu, 3 mbele, 6 chini). CT hajapigwa.

Mpango ulioandikwa: kushona Bankart kwa kamera (kuirudisha labramu ukingoni), kwa nanga 3 (vigingi vidogo vya kushikiza uzi kwenye mfupa) za PLLA tupu (plastiki ya asidi ya laktiki), za milimita 3. Nauliza hivi. Nanga 3 zatosha? Kuna faida yoyote kuchukua zile zilizochanganywa na kalsiamu badala ya PLLA tupu? Seti itatoka Nairobi kwa basi la usiku na kukaa kwenye stoo yetu siku kadhaa, je, joto na unyevu wa hapa vinaziathiri? Na la mwisho, babake kijana ameambiwa kwamba baada ya mwaka "hakutabaki kitu ndani". Nimwambie nini?

Shukran.

---

Mpasuaji_Mabega

Wa alaikum salaam dada. Umeuliza vizuri, lakini kabla ya nanga kuna mfupa, na kwa kijana huyu mfupa haujapimwa.

Hesabu alama za Balg na Boileau za mwaka 2007, zinazokadiria hatari ya bega kutoka tena baada ya kushona Bankart. Umri wa miaka 20 au chini ni alama 2. Mchezo wa mashindano, 2. Mchezo wa kugongana au wa kurusha mkono juu kwa nguvu, 1. Viungo legevu, 1. Hill-Sachs inayoonekana kwenye eksirei ya mkono uliogeuzwa nje, 2. Ukingo wa chini wa kisahani cha bega (mfupa bapa ambapo kichwa cha mfupa wa mkono hukaa) uliopoteza mstari wake, 2. Jumla ni 10. Kijana wako ana 2 za umri, 2 za mashindano, 1 ya kugongana na 2 za Hill-Sachs. Hiyo ni 7, na hatujaangalia kisahani bado. Katika wagonjwa waliopimwa kwa kipimo hicho, waliozidi alama 6 bega lilitoka tena kwa asilimia 70. Waliokuwa na 6 kushuka, asilimia 10. Wapasuaji wengi siku hizi wanaanza kusita hata kwenye alama 4.

Kwa hivyo agiza CT kabla ya kuagiza nanga. Ombeni picha ya pande tatu ya kisahani kikitazamwa uso kwa uso, kichwa cha mfupa wa mkono kikiwa kimeondolewa kwenye picha. Mpigaji picha achore duara linalokaa sawasawa kwenye sehemu ya chini ya kisahani, kisha apime ni milimita ngapi za ukingo wa mbele zimekosekana. Kisahani kikiwa kimepoteza asilimia 20 hadi 25 ya upana, kushona labramu peke yake ni kumdanganya mgonjwa. Na tangu 2015 kuna namba nyingine ya kuangaliwa, asilimia 13.5, ambapo bega laweza lisitoke lakini mtu akabaki hana imani nalo. Pima pia Hill-Sachs, kutoka pale misuli ya nyuma inaposhika mfupa hadi ukingo wa ndani wa shimo. Ukizipata namba hizo tatu zilete hapa.

Sasa kuhusu idadi, tukichukulia CT itaruhusu kushona. Tatu ni chache kwa raga. Matokeo aliyochapisha Boileau na wenzake mwaka 2006 yalionyesha waliowekewa nanga 3 au pungufu walirudia kutokwa zaidi, na tangu hapo 4 ndio msingi. Ya chini kabisa ndiyo inayobeba kazi, na ndiyo inayowekwa vibaya mara nyingi. Ikae namba 5 na nusu. Ukiingia kwa tundu la juu mno kwa mbele, keekee haifiki pale. Inateleza na kuishia namba 4 na nusu, na mfuko wa chini wa kapsuli (utando unaozunguka kiungo) unabaki mlegevu vilevile. Tundu la pili liwe chini, juu tu ya ukingo wa msuli wa sabuskapulari, au upitie ndani ya msuli huo kwa bomba jembamba la kuongoza.

Mambo mengine ya meza, kwa ufupi. Mgonjwa alale ubavu, mkono uvutwe kwa kilo 4.5 hadi 5, umetanuka nyuzi 30 hadi 45. Uzito ukipanda sana, neva zinaumia. Labramu ikibanduka huwa inashikana upya chini zaidi, kwenye shingo ya kisahani, na hapo ndipo kazi inapoharibika kwa haraka ya mpasuaji. Ibandueni yote mpaka nyuzi nyekundu za sabuskapulari zionekane nyuma yake na labramu yenyewe ielee hadi usawa wa kisahani. Kisha kwaruza mfupa mpaka utoe damu. Labramu iliyofungwa juu ya mfupa mkavu haishiki, hata ukiweka nanga 10. Matundu yatobolewe milimita 1 hadi 2 ndani ya uso wa kisahani, si kwenye shingo, keekee ikiwa imeinama nyuzi 45. Ikilala zaidi ya hapo, inachuna gegedu na nanga inajitokeza. Ikisimama zaidi, inapasua ukingo.

Sindano ya uzi ipite chini ya usawa wa nanga, yaani kwa nanga ya 5 na nusu, uzi ushike kapsuli kwenye namba 6, nyama ya milimita 5 hadi 10, ili ukikaza kapsuli inyanyuke kwenda juu. Neva ya kwapa iko karibu hapo, milimita 10 hadi 15 chini ya ukingo. Sindano isizame.

Acha nafasi ya angalau milimita 5 ya mfupa mzima kati ya tundu na tundu. Nanga nyingi nene zikipangwa mstari mmoja zinaufanya ukingo kuwa kama karatasi ya stempu, na kijana akirudi kwenye raga akaanguka, ukingo wote unakatika kwenye mstari huo. Ndio sababu ukitaka nanga 4 au 5, chukua nyembamba.

---

Stoo_ya_Vipandikizi

Dada, mimi nijibu la malighafi na la joto, maanake hapa Pwani watu hulipuuza.

Kipandikizi cha kuyeyuka huvunjwa na maji. Hakuna kimeng'enya kinachohitajika: maji yanaingia ndani ya plastiki, yanakata minyororo ya molekuli, asidi inatoka, mwili unaichoma ikawa maji na hewa ya kaboni. Sasa fikiria maana yake kwa stoo ya Mombasa. Unyevu ule unaokutoa jasho ndio huohuo unaoanza kazi ya kuyeyusha nanga ikiwa mfuko wake umepata upenyo. Kila nanga huja ndani ya mfuko wa foili. Foili ikiwa na mkunjo mkali uliopasuka, au gundi ya ukingo imeachia, nanga hiyo haitumiki, hata kama kifurushi cha ndani bado kinaonekana safi. Inaweza ikawa haina mdudu hata mmoja na bado ikakatika mkononi mwa mpasuaji.

Joto nalo. PGA (plastiki ya asidi ya glikoliki) inaanza kulainika kwenye nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi. Mchanganyiko wa laktiki na glikoliki, kwenye 45 hadi 55. PLLA inavumilia hadi karibu 60. Buti ya gari lililoegeshwa juani mwezi wa Februari inaweza kukaribia huko. Kwa hivyo seti ikitoka Nairobi kwa basi, isikae kwenye buti upande wa injini, na mtu awe amesimama kituoni kuipokea alfajiri, isiachwe ofisi ya mizigo mpaka adhuhuri. Ikifika, iingie chumba chenye kiyoyozi. Soma kiwango cha joto kwenye lebo ya kampuni na ukifuate hicho, maana hutofautiana. Weka kipimajoto na kipimaunyevu kwenye kabati lenyewe, si ukutani mlangoni, na stima ikikatika wikendi mtu aandike kabati lilifika wapi.

Otoklevu kamwe. Nimeliandika peke yake kwa sababu kuna mahali nanga iliyofunguliwa isitumike hurudishwa na vyombo vya chuma kupikwa kwa nyuzi 134. Umbo linaweza kubaki lilelile machoni, nguvu imekwisha. Iliyofunguliwa ikakosa mgonjwa hutupwa.

Sasa aina. Ziko kama vizazi vitatu.

PGA ilikuwa ya kwanza, ilitumika kwenye pini za kubana labramu. Nguvu yake inaisha ndani ya wiki 4 hivi, nayo labramu inahitaji wiki 6 hadi 12 kushika mfupa. Isitoshe, ilikuwa ikiyeyuka haraka mno, kiungo kinajaa maji na ngozi yake ya ndani inavimba. Kwa bega, achana nayo.

PLLA tupu ilikuja kusahihisha hilo na ikapitiliza upande wa pili. Inashika vizuri, lakini ina fuwele nyingi, na maji yanaingia polepole. Hukaa miaka 3 hadi 5, mara nyingine mabaki yanaonekana hata baadaye, na mahali pake panabaki tundu badala ya kujaa mfupa.

Ya tatu ni polima iliyochanganywa na chembe za kalsiamu, aghalabu trikalsiamu fosfeti, kiasi cha robo hadi karibu theluthi ya uzito. Kalsiamu inapunguza ukali wa asidi na inaupa mfupa kitu cha kushika. Hizi ndizo ningeagiza. Si kwamba PLLA tupu ni sumu, ila kijana wa miaka 19 ana miaka mingi mbele yake, na akihitaji operesheni ya pili ni afadhali mpasuaji akute mfupa kuliko tundu.

Pia kuna PEEK, plastiki ngumu ambayo haiyeyuki kabisa wala haiharibu picha ya MRI, na nanga za uzi mtupu zenye tundu la milimita 1.4 hadi 1.8. Nanga za uzi mtupu zinafaa sana kisahani kikiwa kidogo, lakini zinataka kuvutwa mpaka zikunjamane chini ya mfupa mgumu. Mpasuaji asiyezizoea huacha kuvuta mapema na uzi unalegea baadaye.

Na hilo la baba. Mwambie ukweli wote: nanga inayeyuka, uzi hauyeyuki. Uzi namba 2 wa polithilini unaofunga labramu utabaki bega lile maisha yake. Na hata nanga yenyewe si mwaka mmoja, ikiwa ni PLLA.

Kwenye trei usikose: keekee na bomba la kuongoza vya namba ileile ya nanga na kampuni ileile (tofauti ya nusu milimita yatosha kuilegeza au kuivunja), mabomba mawili ya plastiki ya kupitishia, moja la milimita 8 na zaidi kwa ndoano ya sindano, jingine jembamba, kipasuzi cha kubandua labramu chenye pembe, ndoano za kulia na kushoto, na nanga 2 za akiba. Nanga za kuyeyuka ni dhaifu kuliko chuma wakati wa kuingia. Huvunjika tundu likiwa fupi, likiwa na unga wa mfupa ndani, au kishikio kikiinamishwa nanga ikiwa nusu ndani. Ikivunjika, vipande vilivyo huru vitolewe vyote, kilichokwama ndani ya mfupa kiachwe mradi hakijitokezi, na tundu jipya litobolewe pembeni. Faida yake juu ya chuma ndiyo hiyo, kwamba unaweza kutoboa kupitia kilichobaki.

Msisahau sefazolini gramu 2 kabla ya kisu, ndani ya dakika 60.

---

Fizio_Nyali

Salaam. Niongeze la baada ya thieta, kwa sababu nanga ikiwa nzuri na mgonjwa akaelekezwa vibaya, uzi unakata labramu wiki ya tatu.

Wiki 4 za kwanza mkono uwe kwenye kitambaa cha kuning'iniza, mchana na usiku. Vidole, kifundo na kiwiko vinaanza siku ya kwanza. Bega linasogezwa na fizio au kwa mkono mwingine: kunyanyua mbele hadi nyuzi 90, kugeuza nje hadi 0 tu mkono ukiwa ubavuni, na taratibu kufika 30 ikikaribia wiki ya 6. Wiki ya 6 kitambaa kinaondoka kabisa na mgonjwa anaanza kunyanyua mwenyewe. Mazoezi ya uzito, wiki ya 12. Kutanua na kugeuza nje kwa pamoja, ile mkao ya kurusha mpira, isiguswe kabla ya wiki 12. Raga ya kugongana ni miezi 6 kwenda juu, na nguvu iwe imefika asilimia 90 ya mkono mwingine kwa kipimo, si kwa kumwangalia.

Tatizo la hapa kwetu ni kwamba mkao huohuo uliokatazwa umejaa kwenye maisha ya kila siku. Kushika bomba la juu ndani ya matatu ni kutanua na kugeuza nje, na dereva akikanyaga breki uzito wote wa mwili unavuta labramu. Konda anayening'inia mlangoni ni vilevile. Mgonjwa akae kiti cha dirishani, upande ambao bega lililopasuliwa liko ukutani. Feri ya Likoni saa za msongamano aiepuke mwezi wa kwanza, au asubiri iliyo na nafasi. Watu wakianza kukimbilia lango hakuna anayeangalia kitambaa cha mtu. Bodaboda hapana kabisa mpaka wiki 12.

Mgonjwa akiwa Muislamu, zungumzeni sala mapema, kabla hata ya operesheni, maana wengi hawaulizi na wanaamua wenyewe. Kusujudu ni kubeba uzito wa kifua kwa mikono, bega likiwa limesukumwa. Aswali kwa kiti na kuashiria kwa kichwa hadi fizio aruhusu uzito, karibu wiki ya 12. Takbiri aifanye kwa mkono mmoja. Kutawadha asaidiwe, na mkono ule uoshwe ukining'inia.

Kwapa ndilo linalotusumbua zaidi kwa joto. Mkono uliobanwa ubavuni wiki 4 hapa Mombasa hutoa jasho, ngozi inalainika, fangasi inaingia, na kovu za kamera ziko sentimita chache kutoka hapo. Mara mbili kwa siku: mgonjwa ainame mbele, mkono uning'inie kwa uzito wake wenyewe, kwapa lioshwe kwa sabuni ya kawaida, likaushwe kwa kugusagusa, kisha kitambaa safi cha pamba kiwekwe kati ya mkono na ubavu. Poda isimwagwe karibu na kovu. Kitambaa cha kuning'iniza viwe viwili, kimoja kikifuliwa kingine kinavaliwa.

---

DadaThieta_Kizingo

Mungu awazidishie. CT imepatikana. Upana wa kisahani kwa lile duara ni milimita 28, kilichokosekana mbele ni milimita 3. Hill-Sachs, kutoka mshiko wa msuli hadi ukingo wa ndani wa shimo, ni milimita 22. Ni asilimia kama 11, iko chini ya 13.5. Sasa tunaweza kuendelea na nanga 4?

---

Mpasuaji_Mabega

Hapana, dada, usiishie kwenye asilimia. Fanya hesabu ya njia ya kisahani: chukua upana wa kisahani zidisha kwa 0.83, kisha toa kilichokosekana. 28 mara 0.83 ni 23.24. Toa 3, inabaki 20.24. Hiyo ndiyo njia ambayo kichwa cha mfupa kinateleza juu yake mkono ukitanuka na kugeuka nje. Shimo la kijana limefika 22, limeipita njia kwa karibu milimita 2. Maana yake, mkono ukifika mkao huo, ukingo wa kisahani unaingia ndani ya shimo na kichwa kinachomoka, hata labramu iwe imeshonwa kwa ustadi gani. Upotevu wa mbele ni mdogo na bado hesabu inakataa, kwa sababu shimo la nyuma ni pana.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni Latarjet: kipande cha korakoidi (mfupa mdogo uliochomoza mbele ya bega) cha sentimita 2 hadi 2.5, pamoja na kano zake, kinahamishiwa ukingo wa mbele wa chini wa kisahani kupitia katikati ya sabuskapulari, kinafungwa kwa skrubu 2. Hapo tumieni chuma. Kipande cha mfupa kinahitaji kubanwa kwa nguvu mpaka kishikane, na nanga za kuyeyuka hazibani mfupa kwa mfupa. Kipande kisizidi usawa wa kisahani kwa nje hata milimita moja, kitakula gegedu. Ya pili ni kushona Bankart kwa nanga 4 na kuongeza remplisaji, yaani kuushona msuli wa infraspinati na kapsuli ya nyuma ndani ya shimo la Hill-Sachs kwa nanga 2, ili shimo lisiweze tena kunasa. Kwa remplisaji nanga za kuyeyuka zenye kalsiamu zinafaa, ziwe kubwa kidogo kuliko za mbele kwa kuwa mfupa wa huko ni laini. Gharama yake ni kupoteza nyuzi (digrii) kadhaa za kugeuza mkono nje.

Kwa kijana wa raga mwenye alama 7, ningempa Latarjet. Lakini uamuzi ni wa mpasuaji wake pamoja na yeye mwenyewe, na kama thieta yenu inafanya remplisaji mara nyingi na Latarjet mara chache, hilo ni jambo la kupimwa kwa uzito. Operesheni inayofanywa kwa mazoea huzidi ile iliyo bora kwenye karatasi. Mpelekee mpasuaji namba hizi tatu leo, kabla oda haijatoka Nairobi. Na ulizeni SHA, bima ya afya ya serikali, kwa maandishi sehemu gani ya vipandikizi itabaki kwa familia, kwa mpango uliobadilika, si ule wa kwanza.

---

Picha_Mvita

Naongeza moja kwa atakayesoma picha zake mwakani. Nanga za kuyeyuka hazionekani kwenye eksirei ya kawaida, ila zile zenye kalsiamu kwa mbali. Kwenye MRI, miezi kadhaa baadaye, ni kawaida kuona maji kuzunguka tundu, na tundu lenyewe laweza kuonekana pana kuliko keekee iliyotumika. Mgonjwa asipokuwa na maumivu, hilo huandikwa na kuachwa. Linalotaka haraka ni maumivu mapya baada ya bega kutulia, kukwaruza ndani ya kiungo, au maji mengi ndani yake: kunaweza kuwa na kipande cha nanga kilichochomoka na kinasaga gegedu, na gegedu ya bega ikiisha kwa kijana wa umri huo hakuna kinachoirudisha.

Usaha nao haujitangazi begani. Mdudu wa kwapa, Cutibacterium acnes, hukua polepole, homa huenda isiwepo, na CRP (kipimo cha damu cha uvimbe) huweza kuwa ya kawaida. Maji yakivutwa, maabara iambiwe ishike sampuli siku 14. Wakiitupa siku ya 5 kwa kawaida yao, jibu litarudi "hakuna kilichoota" na mgonjwa atatibiwa kama mwenye mzio wa plastiki.

Kwa sababu hiyo, dada, stika za kila kifurushi zibandikwe kwenye ripoti ya operesheni: malighafi, kipenyo, namba ya toleo, na iliwekwa namba ngapi ya saa. Anayesoma MRI ya mwaka wa pili bila karatasi hiyo hawezi kujua kama tundu analoliona ni la nanga ya PLLA ambayo bado ipo, au la mchanganyiko ambao ulipaswa kuwa umeshajaa mfupa.